Mpaka wa Kudumu

Natta, 2 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na yule mbuzi mweupe ameshazaa? Sisi huku wazima. Huruma ameota meno, anauma kila kitu, na mimi nikiwemo. Simu yako kila nikipiga haipatikani, ndiyo maana naandika. Barua anakuletea Tomaso, dereva wa gari la mboga, anayekuja huko Tarime kila wiki kufuata nyanya na vitunguu.

Mama, kazi nimepata! Natandika vitanda kwenye mahema ya watalii. Nora, mpishi wetu wa kutoka Bukoba, aliniuliza mume wangu ni nani. Nikamwambia nimeolewa na Mama Boke. Aliweka mwiko chini. "Makubwa! Umeolewa na mwanamke?" Nikamweleza kwamba sisi Wakurya tuna nyumba ntobhu: mama aliyefiwa na mume na hana mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto wa binti wanakuwa wa nyumba ile, ili nyumba isife. Akafikiri kidogo. "Sasa huyo mama mkwe akikukorofisha, unamshtaki kwa mume yupi?" Nilicheka mpaka nikamwamsha Huruma.

Meneja wetu, kaka Konstantino, anasema hii si kambi ya msimu kama zile nyingine, hii ni kambi ya kudumu. Wageni wanatoka nchi kubwa, nchi ambazo haziwezi kuishiwa. Alimshika Huruma shavu akasema, "Hata huyu ataajiriwa hapa." Kwa hiyo mama, naomba uhame huko mlimani, uje tukae wote. Wale watu wa mgodi ipo siku watafika mlangoni kwako.

Mkwe wako anayekupenda,
Gati

*

Mlimani, 16 Mei

Mwanangu Gati,

Marahaba. Goti linauma, mbuzi amezaa mapacha, mimi nipo. Naandika kwa mkono wangu, darasa la nne la zamani si mchezo.

Nimefurahi umepata kazi. Lakini mimi sihami. Mzee wangu Simoni amelala kaburini pale nyuma ya nyumba, nikiondoka nani atamwamkia asubuhi? Na hao watu wa mgodi wasikutishe. Umesahau bikoni? Kampuni ilisema mbele ya mwenyekiti na kijiji chote kwamba dhahabu yao inaishia bondeni, huku juu ni mawe matupu. Wakasimamisha nguzo ya zege, wakaiandika MPAKA WA KUDUMU, tukala mbuzi. Nguzo ipo, mbuzi wangu nawafunga pale pale.

Wewe tulia na kambi yako, mimi nitulie na nguzo yangu. Nitunzie huyo mzee mdogo. Kiti cha babu yake kinamsubiri.

Mama yako,
Boke

*

Natta, 20 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima wa mwili.

Kambi haipo. Sisemi imefungwa, mama. Haipo.

Redio ilisema Jumapili kwamba nchi mbili za huko mbali zimerushiana makombora na ndege haziwezi kupita. Tukamuuliza Konstantino ni wapi huko, akatuonyesha ramani kwenye simu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia jina la mji ule. Nora akasema, "Wagombane wao, sufuria zangu zimewakosea nini?" Tukacheka, kumbe ndicho kicheko chetu cha mwisho. Siku zilizofuata wageni wakafuta safari wote, hadi wale waliolipia mwaka ujao. Wenye kambi wakapiga simu kutoka Ulaya. Alhamisi yakaja malori na mafundi wenye spana. Wakakunja mahema, wakang'oa sakafu za mbao, mabafu, hata masinki ya choo. Mimi nilikuwa bado nimeshika shuka nililolikunja, sijui nimpe nani.

Nilimwambia Konstantino, "Kaka, ulisema ya kudumu." Akajibu akiwa ameshapanda lori, "Ndivyo ilivyoandikwa kwenye leseni, dada."

Jumamosi nilirudi kuchukua khanga niliyoisahau. Nyumbu walikuwa wanakula majani pale tulipokuwa tunaandaa meza. Wao wamekuja kama kila mwaka. Wa kuwatazama ndio hawakuja. Nilizunguka nikitafuta hata shimo la nguzo moja, nikaonyeshe watu kwamba sikuota.

Basi mama, nakuja nyumbani. Nimemwambia Huruma sisi tuna nyumba na mpaka wa zege, tusilie.

Mkwe wako,
Gati

*

Mlimani, 1 Julai

Gati mwanangu,

Marahaba. Pole sana. Mbusu mtoto. Mimi ni mzima.

Usije.

Alikuja kijana wa kampuni, anaitwa Faustine, na kofia yake ngumu. Kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo mara mbili. Akasema, "Mama, dunia ikiogopa, watu wanakimbilia dhahabu. Bei imepanda mno. Mawe ya huku juu zamani yasingelipa gharama, sasa yanalipa." Nikamwambia, "Na mimi naogopa, mbona bei yangu haijapanda?" Alicheka, halafu akaona mimi sicheki.

Ni vita vile vile, mwanangu. Vilivyokula kambi yako ndivyo vimekuja kula mlima wangu, na mimi hata sijui wanagombania nini.

Vibali vyote wanavyo, na fidia watalipa. Aliniuliza jina la mwenzi wangu. Nikasema mzee amefariki, ila mke ninaye, yuko Natta. Akaandika, akakata, akaandika tena. Nikamwonyesha nguzo. "Soma hapo. Kudumu." Unajua alinijibu nini? "Mama, ilikuwa ya kudumu kwa bei ile."

Kaburi la mzee watalifukua. Nimeandika neno hilo nikalitazama kwa muda mrefu. Watalifukua.

Mama yako,
Boke

*

Issenye, 9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Uko wapi? Hii ni barua ya tatu, mbili hujajibu. Unakula? Unalala kwa nani?

Sisi tumehamia Issenye. Namsaidia mama mmoja, dada Elieth, kupikia chakula cha mchana madereva wa bodaboda karibu na shule ya sekondari. Ana roho nzuri, kanionyesha kona ya shamba lake, akasema nikipata bati nijenge.

Juzi baba mdogo Hezekia alinifuata kwa pikipiki. Hakunywa hata maji. "Gati, nyumba ya Boke imeshavunjwa, nimeona kwa macho yangu. Sasa wewe umeolewa na nini? Na vumbi? Rudi kwetu, kuna mwanaume wa Sirari ana duka, anataka mke." Nilimwambia arudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu. Nilikuwa sijui kama wewe bado unanihesabu wa kwako.

Jana Tomaso akafika. Siku hizi anabebea watu mizigo. Akanipa kiroba kizito: "Mzigo wa mama yako, nadhani viazi." Nikafungua, nikakuta figa la jikoni kwako, lile lenye ufa, bado lina masizi. Hakuna barua. Huruma akajaribu kuling'ata.

Mama, niambie. Umenitumia jiwe kuniaga, au kuniita?

Mkwe wako, kama bado,
Gati

*

Mlimani, kwa jirani, 23 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, nakula, nalala. Sikuandika kwa sababu kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe.

Walimfukua mzee. Mwanaume yule mrefu, ametoshea kwenye kisanduku ninachoweza kukibeba mwenyewe. Wamemlaza kwenye makaburi ya kampuni, kazungukwa na watu asiowajua hata jina. Kesho yake wakavunja nyumba. Asubuhi nilikunywa uji ndani, mchana pakawa wazi.

Sasa sikiliza haya. Juma lililopita Faustine alirudi, safari hii bila kofia. Eti vita vimesimama. Bei imeshuka. Wakubwa wao wa ng'ambo wameahirisha. "Mama, mlima hatuuhitaji tena kwa sasa. Ukitaka, unaweza kukaa." Nikamuuliza, "Nikae juu ya nini?" Kijana wa watu, hata yeye walikuwa wamempigia simu tu.

Nikaenda kuitazama nguzo. Buldoza lilikuwa limeilaza pembeni. Gati, ilikuwa imeingia ardhini shubiri moja! Miaka yote nawafunga mbuzi kwenye kitu ambacho mbuzi mmoja mwenye hasira angekiangusha.

Hezekia hakusema uongo, nyumba imevunjwa. Lakini nilipotoa ng'ombe sikuoa kuta. Fidia inatosha chumba na jiko. Figa la pili Tomaso anakuletea na barua hii. Ukimtaka mwenye duka, wewe bado binti, mpe Tomaso mawe yangu ayarudishe. Sitakulaani. Mtoto tutazungumza.

La tatu ninalo hapa, nimelikalia.

Mama yako,
Boke

*

Issenye, 30 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Goti sikuulizi, nitaliona mwenyewe.

Hezekia alirudi kuchukua jibu. Nikamwambia, "Baba mdogo, mimi ni mke wa mtu, na mwenye nyumba yuko njiani." Akasema nimerogwa. Dada Elieth akamwambia basi akae ale, waliorogwa wanapika vizuri. Akala sahani mbili.

Nilimuuliza dada Elieth tunaweza kukaa kwenye kona yake mpaka lini. Akasema, "Mpaka huyu wako aote ndevu, halafu tutagombana." Sikumwomba aseme milele. Neno hilo siku hizi likitajwa natafuta mlango. Hayo ya ndevu nimeyaelewa.

Mawe yote mawili nimeyapanga, nimeacha nafasi ya la tatu. Nilijaribu kubandika sufuria, haikai. Na Huruma ameshaiona ile nafasi, amekaa katikati ya mawe, amekunja mikono kama mzee wa ukoo. Nikimwondoa analia, anarudi.

Barua hii usiijibu. Tomaso ana nafasi mbele, nimemwambia asipakie kitu kingine.

Njoo na jiwe lako, mama, umwondoe mwenyewe.

Mkeo wa nyumba,
Gati