Pumzi Niliyoisikia kwa Simu

Nyangeta mwanangu,

Mama yako alikufa. Hakulala, hakuitwa. Alikufa kwa tundu la moyo, hakurogwa na mtu. Naanza na hilo maana huko Kisorya mnalizungukaga.

Sasa ndio nikusalimie. Hujambo? Watoto je? Mimi huku Buhemba nipo, kifua vumbi, mwili unaenda.

Juzi ulipiga ukaniambia daktari wa Musoma amekuta na wewe una tundu, anataka uende hospitali kubwa likazibwe, na wewe umekataa. Nikakata simu. Sio hasira. Uliposimama kuvuta pumzi katikati ya maneno, nilimsikia mama yako. Ndio maana naandika. Karatasi haipumui.

Yeye alikataa hivyo hivyo. Daktari alimweleza: hawapasui kifua, wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wanaacha kifuniko cha waya kwenye tundu. Akacheka. "Kumbe mlango wa moyo wangu uko pajani?" Halafu akanionyesha duara la Masatu, lile shimo la dhahabu tulilolifukia. "Mmeliziba mara ngapi, baba Nyangeta? Masika ikija si linazama?"

Nikashika koleo nikaenda kulifukia tena.

Sasa mvua imenyesha. Duara limezama tena, pale pale mama yako alipokuwaga anakaa kuponda mawe. Nasikiaga nyundo yake. Ta, ta, kimya. Ta, kimya. Wenzangu wanasema ni udongo unashuka. Udongo haupumziki hivyo.

Jana nikaomba ruhusa nikaenda Musoma. Kuna mama anauza dagaa Mwisenge, walimziba hivyo hivyo akiwa mtu mzima. Nimemkuta ana ndoo kichwani, anapanda kilima huku anamtukana bodaboda, pumzi haikatiki. Nikamuuliza, halizami? Akaangalia viatu vyangu.

"Wewe mzee ni wa machimbo eeh? Nyie mnajaza kifusi. Mimi nyama yangu mwenyewe imeota juu ya kifuniko. Moyo sio duara, baba."

Jibu la swali la mama yako ndio hilo. Yeye halikumkuta. Wewe limekukuta.

Msalimie shangazi yako aliyekulea, mwambie aache habari za mchawi. Mumeo mwambie mimi mkwewe nimesema akusindikize mpaka huko hospitali. Mjukuu wangu mwenye jina la bibi yake, mbebe kidogo, sema ni babu.

Halafu nipigie. Sitakata. Anza kwa kusema unaenda, ndio upumue.

Ni mimi baba yako. Kesho narudi kazini.