Watoto Kumhamia Bi. Wanza kwa Sababu ya Neno "Piga"

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA DARASA LA KISWAHILI LA JUMAMOSI, MTAA WA LUCKY SUMMER

Tarehe: Jumapili, 9 Machi 2025
Mahali: Ukumbi wa kanisa, baada ya ibada

Waliohudhuria:
Bw. Kyule – Mwenyekiti
Bi. Nafula – Katibu, mwalimu wa kundi la kwanza na mwanzilishi wa darasa
Bi. Wanza – mwalimu wa kundi la pili (mgeni kutoka Majengo)
Bw. Luseno – mwakilishi wa wazazi

Aliyekosa kwa udhuru: Bi. Kui, zamu kiwandani

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba, kisha akasihi wajumbe wasikatizane.

KUMB. NA. 2/3/2025: WATOTO KUHAMA
Katibu alieleza kwamba kundi lake limebaki na watoto wachache, na kwamba anafundisha "piga" inavyofaa: sentensi ubaoni, watoto wananakili. Kwa Bi. Wanza ni kelele tu.

Bi. Wanza, aliyekuja na kitenge kipya, alijibu kwamba kila mtoto huigiza anachopiga, pasi, mswaki au deki, kisha husema sentensi yake mwenyewe.

Bw. Luseno alisema, "Wangu sasa anaongea Kiswahili mpaka kwa nyumba. Juzi ameniambia, 'Baba, piga magoti tuombe.'" Mwenyekiti alicheka. Katibu hakuona cha kuchekesha.

Mwenyekiti alimwomba Katibu aandike yanayosemwa, si yanayovaliwa.

KUMB. NA. 3/3/2025: SENTENSI YA MARION
Katibu alidai kwamba Bi. Wanza amemshawishi hata Marion, binti wa Katibu mwenyewe, aliyehama Jumamosi iliyopita.

Bi. Wanza alisema hakumwita. Alimwuliza mtoto sababu, naye akajibu kwa sentensi. Katibu alisema hataki kuisikia.

"Mwalimu, sikiza tu," alisema Bi. Wanza. "Alisema: 'Mimi na mama hupiga stori tukiosha vyombo, lakini darasani ananipigia kelele.'"

(Kuanzia hapa ameandika Luseno, kwa sababu Katibu aliweka kalamu chini na kutoka nje. Bi. Wanza alimfuata. Tuliwasikia wakiongea, hatukusikia maneno. Walirudi pamoja. Katibu alikuwa amelia. Amechukua kalamu yake.)

KUMB. NA. 4/3/2025: UAMUZI
Ilikubaliwa makundi yaungane. Bi. Wanza ataongoza maigizo. Katibu atapiga stori na watoto kama anavyofanya nyumbani, kisha ndipo waandike.

Katibu alikubali, kwa sharti kwamba Marion aketi upande wake. Bi. Wanza alisema ni sawa kabisa.

Katibu aliomba iandikwe kwamba Bi. Wanza alikubali haraka mno.

KUMB. NA. 5/3/2025: KUFUNGA
Bw. Luseno aliomba, na wajumbe wakatawanyika saa nane mchana.

Mwenyekiti: Kyule (sahihi)
Katibu: Nafula, Mwanzilishi (sahihi)