Matabaka Sitini, Saini Moja

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kusaini barua ya kukiri kosa ambalo si langu, au niseme si langu peke yangu.

Mimi ni mkataji katika kiwanda cha kushona sare, niliingia miaka kumi na minne iliyopita kufagia vipande chini ya meza, nikajifunza kwa macho, leo meza ya kukatia ni yangu na hakuna aliyenishika mkono. Kanuni yetu ni kutandika matabaka arobaini ya kitambaa, yasizidi, juu yake karatasi ya michoro, kisha kisu cha umeme kinapita juu hadi chini, karatasi na kitambaa pamoja. Sasa msimamizi wangu, ambaye amemuoa mdogo wangu, kila oda ikibana huniambia nitandike sitini tukate mara moja, halafu daftarini niandike mikato miwili ya thelathini, nami huandika, nimeandika hivyo mara kumi na moja, kitambaa kilikuwa chepesi hakikuharibika kitu, yeye akasifiwa kwa kasi. Mara ya kumi na mbili niliandika vilevile, lakini kitambaa kilikuwa kizito, kisu kikalala upande, matabaka ishirini ya chini yakaharibika, kila tabaka suruali nne, suruali themanini za wauguzi zimerudishwa kwa kubana, nasikia mmoja ilimkwama magotini akavuliwa na watu wawili.

Kwenye kikao shemeji alimwambia meneja kwamba nilikata ovyo niwahi nyumbani, anayasema hayo huku akitazama feni. Nikisaini narudishwa kwenye meza ya kupunguza nyuzi. Nilipomfuata koridoni akaniambia, "Shemeji, saini tu. Wewe utahamishwa meza, mimi nitafukuzwa. Piga hesabu mwenyewe." Jioni mdogo wangu akapiga simu: "Dada, umenilea mwenyewe, usinivunjie nyumba."

Na nikisema, nani ataniamini, wakati daftari zima ni mwandiko wangu?

Mkataji

*

Mkataji, pole. Kutoka kwenye ufagio hadi kwenye kisu kwa jasho lako, halafu uambiwe urudi ulikotoka, inauma.

Ila nami nina hesabu yangu. Miaka umeihesabu, suruali umezihesabu, lakini zile mara kumi na moja ulizoandika uongo umezipita mbiombio, kama mwenye viatu vipya anayeruka tope. Mambo yalipokwenda vizuri ulinyamaza, na shemeji yako akajifunza kwamba mkono wako unabeba mzigo wake. Usijiite msafi.

Hata hivyo, barua hiyo usiisaini. Unasema karatasi hukatwa pamoja na kitambaa, basi haitumiki mara mbili. Mara kumi na mbili daftarini ni mikato ishirini na minne. Stoo ilikupa karatasi ngapi? Zikiwa kumi na mbili tu, kumbukumbu za stoo zitaonyesha kwamba sitini yalikuwa mazoea ya kila oda iliyobana, si uovyo wako wa siku moja. Wewe mwenye hesabu kali hukuliona hilo? Kaulize leo. Mtunza stoo hana shemeji kwenye jambo hili.

Kisha andika barua yako: nani aliagiza, nani aliandika, mara ngapi. Anza na kosa lako, ukiliweka mwisho litaonekana limefichwa. Sikudanganyi, huenda wakakuadhibu, hata meza ukaikosa. Lakini utaadhibiwa kwa ulilolifanya.

Kabla hujaipeleka, mpe shemeji yako siku moja aende kwa meneja kwa miguu yake. Anayejisema mwenyewe huwa na nafasi ya kuombewa. Kwa mdogo wako nenda, usipige simu. Mwambie ulimlea yeye, hukuchukua na malezi ya mumewe. Akilia kaa naye. Akikufukuza, ondoka bila kubamiza mlango.

Na meza yoyote watakayokupa, ya kisu au ya nyuzi, andika idadi ile tu uliyoihesabu kwa mkono wako.