Kengele ya Kufungia Jengo la Cheongun

CHAMA CHA WAUZA VIPURI VYA UMEME, JENGO LA CHEONGUN, SEOUL
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA MWISHO, 28 FEBRUARI 2019
Mahali: kibandani kwa Mwenyekiti, ghorofa ya tatu (ukumbi umeshang'olewa milango)

Waliohudhuria: Bw. Tak Gi-ryong (Mwenyekiti), Bi. Pyo Sun-rye, Bw. Ha Mun-sik, Bi. Ma Ok-hui (Katibu) na wanachama wengine sita.
Hakuhudhuria: Bw. Noh. Hakutoa udhuru. Alisema hataki kuaga.

KUMB. NA. 1/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi jioni. Alieleza kwamba kesho jengo linakabidhiwa kwa wabomoaji, akashindwa kuendelea. Chai ya shayiri iligawiwa.

KUMB. NA. 2/2019: KENGELE
Mwenyekiti alieleza kwamba kengele ya kufungia, inayolia yenyewe kila siku saa moja jioni, aliyoiunda marehemu mume wa Bi. Pyo miaka thelathini na saba iliyopita, iliungua rezista (kijiti cha kupunguza umeme) wiki jana. Bw. Ha aliweka mpya ya ohm 5,600, kama pete za rangi kwenye ile ya zamani zilivyoonyesha.

Bi. Pyo alisema hiyo si kengele ya mumewe. "Inalia kama kifaranga! Sifungi kibanda changu kwa kifaranga, siku ya mwisho hii!" Bw. Ha alijibu kwamba rangi hazidanganyi. Bi. Pyo akamwambia, "Shemeji, wewe muuza betri. Usinifundishe rezista." Katibu aliomba heshima, haikupatikana.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba rezista za kaboni huzeeka, na kwa joto la miaka ohm zake hupanda, na ohm zikipanda sauti hushuka. Kwa hiyo kengele ilikuwa ikizidi kuwa nzito sauti taratibu, nasi tukizeeka nayo bila kujua.

KUMB. NA. 3/2019: UTATUZI
Iliamuliwa itumike kwanza rezista ya kuzungusha, ambayo ohm zake hubadilika kwa kugeuza kitufe. Bw. Ha alizungusha, Bi. Pyo akasikiliza amefumba macho. "Bado... bado... umepita, rudi... Hapo! Hapo hapo, usiguse!" Mita ilisoma ohm 5,990.

Mwanachama mmoja alipendekeza iachwe hivyo hivyo. Alizomewa: kitu cha kuzungusha, kila apitaye atakizungusha. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachouza rezista ya ohm 5,990, Bw. Ha aliiacha ile ya 5,600 na kuiunga mfululizo na ya 390 kutoka droo ya marehemu. Kwa kuwa hata za namba moja hazilingani kabisa, alizipima nyingi za droo hiyo moja moja hadi jumla ikakaa sawasawa, akalehemu. Kisha alisema, "Shemeji, nisamehe. Hizi mia tatu na tisini ndiyo miaka yetu." Bi. Pyo alilia. Katibu pia.

KUMB. NA. 4/2019: MENGINEYO
Mwenyekiti alianza hotuba ya kuaga, kurasa nne. Akiwa ukurasa wa pili kengele ililia, sauti ile ile. Wajumbe wote walinyanyuka bila kuambiwa, Katibu akiwemo, wakaenda kushusha milango ya chuma ya vibanda vyao, hata vile vilivyokwisha kuhamwa. Bi. Pyo alikuwa wa mwisho kushusha wake.

Hakuna aliyerudi kikaoni. Mwenyekiti hakupata nafasi ya kukifunga. Kilifungwa na kengele, saa moja kamili jioni.

Tak Gi-ryong, Mwenyekiti (alisaini ngazini)
Ma Ok-hui, Katibu