Betri Niliyoianika Juu ya Bati na Mkataba wa Njia ya Ng'ombe

Mpendwa Mama Bertilla wa redioni, shikamoo kama unanizidi umri, na kama hunizidi basi naomba tu msaada wako, maana hapa nilipo hata usingizi umenikimbia.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, katibu wa kamati ya ardhi ya kijiji kimoja upande wa Laela, na kosa langu ni la kijinga kiasi kwamba barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kuituma. Mwaka jana wakulima na wafugaji wa hapa walikatana mapanga kwa sababu ya ng'ombe kupita kwenye mahindi na ulezi, watu wawili wakalazwa, na mwaka huu baada ya vikao tisa tukakubaliana njia ya mifugo itapita wapi, kona kwa kona, na upana wake hatua ishirini na tano. Mzee Bundala wa wafugaji na Sebastiani wa wakulima wakashikana mikono mbele yangu, wakanikabidhi mimi niandike, nami kwa majivuno ya kumiliki laptop ya mtumba niliyoinunua Tunduma nikayapiga yote humo, na madaftari ya vikao nikampa mke wangu Coleta awashie moto, nikamwambia hayo sasa ni mambo ya zamani.

Kijiji chetu hakina umeme, huwa nachajia kwa Ignasi kinyozi mwenye jenereta. Wiki tatu zilizopita chaji ikagoma kupanda, Ignasi akasema, "Mzee wangu, hiyo betri imechoka." Sasa Mama, habari ya betri kuchoka naijua tangu utoto, za redio zikichoka tunazianika juu ya bati na jioni redio inaimba, basi nikaichomoa ya laptop nikaianika siku mbili, na kwa kuwa upepo wetu huu wa baridi unaujua, siku ya tatu nikaihamishia karibu na mafiga. Coleta akaniuliza, "Baba Jenifer, na hiyo inaiva saa ngapi?" Ikavimba kama andazi. Nikairudisha kwenye mashine kwa kuikandamiza na goti.

Tangu hapo laptop haiwaki. Taa ndogo ya kijani ya chaja inawaka chaja ikiwa peke yake, nikiichomeka tu kwenye laptop inazimika papo hapo.

Kikao cha kutia saini ni Jumamosi. Mzee Bundala aliponiuliza, "Katibu, karatasi yetu iko wapi?" nikamjibu iko wilayani inagongwa muhuri. Akanitazama, akasema, "Muhuri wa huko ni mzito sana." Sebastiani naye ameanza kusema tulikubaliana hatua ishirini, Bundala anasema thelathini, na shamba langu mimi linapakana na njia hiyohiyo, kwa hiyo nikitaja namba kutoka kichwani wataona najipimia. Jana watu wa Sebastiani wameingiza maksai wakalima mistari mitatu ndani ya njia, na Minza, mke wa Bundala, akasimama pembeni akiitazama mistari ile hadi walipomaliza.

Je, laptop ikifa na mkataba umekufa? Au niandike mwingine kimyakimya kwa kukumbuka, niseme ndio uleule? Jina langu usilitaje tafadhali.

Jibu la Mama Bertilla

Marahaba, maana nakuzidi miaka minne.

Vuta pumzi kwanza. Maandishi hayakai kwenye betri, yanakaa kwenye diski ndani ya mashine, na diski haijui kama ulikuwa unapika. Ila betri ya laptop si ya redio. Ukiipasha moto inavimba, na ikizidi inalipuka. Umelala na kitu hicho ndani kwa zaidi ya wiki mbili, na mkeo pembeni. Pole, lakini ningekuwa Coleta ningekufukuza wewe na mashine yako.

Fanya hivi, mchana, ukiwa nje ya nyumba, chaja ikiwa imechomolewa. Toa betri kwa mikono. Ikikwama usiichokonoe kwa kisu, wala usiichomeke tena chaja, mwachie fundi. Ikitoka, ifukie kwenye kopo la mchanga mkavu mbali na nyumba, usiitoboe, usiitupe motoni. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukihesabu mpaka thelathini, umeme uliobaki utoke. Kwa Ignasi, mwambie aache kunyoa ili umeme wa jenereta utulie, ndipo uchomeke chaja bila betri. Taa ikiendelea kuwaka, ujue betri ndiyo iliyokuwa inazuia kila kitu, washa mashine. Usianze kusoma wala kurekebisha, kwa sababu jenereta ikikata na laptop inazimika. Nakili mkataba kwenye flashi kwanza. Taa ikizimika tena, usijaribu mara ya pili, njoo huku kwetu Malangali kwa Kornel, fundi wa kompyuta, ataitoa diski aisome kwenye mashine nyingine.

Hilo la mashine ni jepesi. La muhuri ndilo linalonitia hofu. Karatasi ya kubuni usithubutu kuiandika, hata kama namba unaikumbuka sawasawa, maana siku ikijulikana hakuna atakayeamini hata ile ya kweli, na hao wenye mistari mitatu wataongeza wa nne.

Nenda kwa Mzee Bundala, mwambie ukweli wote, wa bati na wa mafiga, kisha mfuateni Sebastiani. Usiiwashe mashine peke yako. Muwe watatu hapo kwa Ignasi. Ikiwaka, watasoma hatua ishirini na tano kwa macho yao. Isipowaka, watakuwa wameona wenyewe, na mtapanda basi moja kuja Malangali. Watakucheka, katibu. Kaa uchekwe.

Jina lako sitalitaja. Lakini kijiji chenu kina katibu mmoja tu mwenye laptop, na wafugaji wana redio. Jibu hili nimempa kondakta wa basi la Laela leo Jumatatu. Hewani nitalisoma pamoja na barua yako Alhamisi, saa moja jioni. Mzee Bundala asikie kwako kabla hajasikia kwangu.