Jina la Baba Ziwani

Ambondrona, Nosy Be
Machi 1978

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima hapo Moroni pamoja na dada Laïla. Sisi hatujambo. Mume wangu Anli anakusalimu, na tumbo langu sasa halifichiki. Umeniuliza tena kama kuna habari za Baba. Nitakujibu, ila nivumilie nianze na safari.

Mama mkwe wangu, Bi Sittou, alitaka nikatambulishwe kwao, mji mdogo kando ya ziwa, wenye makaburi ya wafalme wa Kisakalava wa huku Madagaska na mamba ambao hakuna anayethubutu kuwagusa. Mama, niliogopa. Tangu Wakomori wenzetu walipouawa Mahajanga, Anli amewaambia ndugu zake kuwa mimi ni Msakalava wa Amborovy. Na kule mgeni huvua viatu, akaingia majini, akamtaja baba yake, kwao ni wapi, na kama yu hai. Anayedanganya hapo, wanasema, mtoto wake haishi. Najua utasema huo ni ushirikina. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka maji yaliponifika vifundoni.

Mlinzi wa ziwa, mwanamke mnene anayetafuna tumbaku, aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nikisema kweli, watanifukuza na mimba yangu, au ya Mahajanga yatanifuata hadi huku. Anli alitazama pembeni. Nikasema mimi ni binti wa Msaidié, Mkomori wa Ngazidja. Kisha yule mama akauliza kama yu hai, nami nikamjibu.

Tumerudi Ambondrona. Bi Sittou hanisemeshi, ingawa wali wangu ananipakulia kama zamani. Mlango ukigongwa nashtuka.

Basi Mama, nililowaambia wageni haifai wewe uwe wa mwisho kulisikia. Nilijibu kwamba amekufa. Niliwaona kwa macho yangu wakimpiga uchochoroni kule Mahajanga, nyuma ya nyumba yetu, nami nimejificha darini kwa jirani. Aliita jina langu. Sikushuka. Usimngoje tena. Waite watu, mumsomee hitima.

Msalimie Laïla, na uniombee nijifungue salama. Naogopa jibu lako kuliko nilivyoyaogopa maji yale. Hata hivyo, nijibu.

Mwanao,
Echata