Kura ya Kaunti Yetu

Doha, 5 Septemba 2025

Mwanangu Fiona,

Hujambo? Na mama yako, goti lake linaendeleaje? Mimi bado napumua, ingawa siku hizi kila pumzi lazima niibembeleze. Huyu binti yangu Emily hunipa uji usio na chumvi wala sukari, akisema moyo wangu hauvitaki. Nimemwambia hata mahabusu wana haki ya kulalamikia chakula. Hucheka, kisha huenda zamu yake ya unesi, nami nabaki hapa Al Thumama nikisikiliza ndege zinavyopaa.

Ijumaa huku ndiyo Jumapili yetu. Baada ya ibada, Wakenya wachache hupita kunisalimu. Leo alikuja Reuben, kijana wa kaunti yetu, mlinzi katika jengo moja la West Bay. Mwenzake wa chumbani, Brandon, alianguka kazini mwezi wa Julai, akafa. Tangu hapo yumo mochari. Mwajiri anasema atakayemsafirisha ni ajenti wa Nairobi. Ajenti hashiki simu. Mama yake Brandon, kule Ugunja, humpigia Reuben kila jioni kuuliza kama mtoto amepata ndege.

Nimesikia mswada wa kuwarudisha marehemu umeletwa tena Seneti. Nilimwambia Reuben kwamba binti wa kaka yangu yumo humo. Akapiga goti kwa mzaha, akasema, "Basi Mathe, Brandon ameshafika!"

Usiniaibishe.

Shangazi yako,
Pamela

*

Nairobi, 12 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Nafurahi kusikia bado unagombana na Emily, maana hiyo ndiyo afya yako. Mama anatembea, ila ngazi bado ni adui. Sote tunakuombea.

Ni kweli, mswada umerudi. Ni ule ule wa wakati wako: serikali imrejeshe kila Mkenya anayefia kazini ng'ambo, na kaunti yake impokee. Nitazungumza. Mwalimu alitusomea hotuba yako darasani nikiwa kidato cha tatu, nikalia mbele ya wavulana wakanicheka muhula mzima. Kama si hotuba hiyo, nisingekuwa hapa.

Lakini unajua hali yetu. Sisi tulioteuliwa na chama tunapewa maikrofoni tu. Kura ni moja kwa kila kaunti, na anayeishika ni seneta aliyechaguliwa. Sasa Mheshimiwa Paul atakuwa safarini siku ya kura. Ameniita ofisini, akasema atanikabidhi kura ya kaunti kwa maandishi. Nikafurahi. Akasema, "Subiri, dada. Utasema 'La.' Chama kimeamua. Hotuba ni yako, lia utakavyo, wananchi wapende. Kura ni yetu."

Nikikaidi, watanivua kiti kabla ya Krismasi. Shangazi, wewe uliyapitia haya. Ulifanyaje?

Binti yako,
Fiona

*

Doha, 26 Septemba 2025

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi si salama, na sitajificha nyuma ya salamu. Daktari amemweleza Emily jambo fulani koridoni, na Emily amerudi akinitandikia kitanda ambacho tayari kilikuwa kimetandikwa.

Umeniuliza nilifanyaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu huniuliza juu ya hotuba tu.

Mimi pia nilikabidhiwa kura. Seneta wetu wa wakati ule alikuwa amelazwa. Kiranja wa chama aliniletea karatasi na chai, akakaa kando yangu hadi nikaimaliza ile chai. Siku ya mjadala nilisimama nikasema yale mliyosomewa darasani. Nilimtaja mama mmoja kwa jina. Maseneta walipangusa macho, na Spika alinipa dakika za ziada. Kesho yake karani aliita kaunti moja baada ya nyingine. Alipoifikia yetu nilisimama, nikasema "La" kwa sauti ile ile.

Hakuna gazeti lililoandika. Walikuwa wameshapata hotuba.

Mswada haukuanguka kwa sababu yangu. Ulishindwa kwa mbali, na miaka yote nimejifariji hivyo. Lakini mimi sikujua utashindwa kwa mbali nilipofungua mdomo. Nilijua tu kwamba nakipenda kiti changu, na kwamba machozi yangu yatanilinda. Yalikuwa machozi ya kweli, Fiona. Hilo ndilo baya zaidi.

Usiwe mimi. Wakikuvua kiti, utakuwa umesimama.

Shangazi yako,
Pamela

*

Nairobi, 17 Oktoba 2025

Shangazi,

Pole kwa kimya. Emily aliniambia umelazwa ukatoka. Tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu, goti sasa limetulia.

Nakutumia video ya hotuba yangu. Nilimzungumzia Brandon. Nilisema, "Mheshimiwa Spika, kuna mama Ugunja anayeuliza kila jioni kama mtoto wake amepata ndege." Hata kiranja alikuja kunishika mkono. Imesambaa kila mahali, na watu wananiita Pamela mdogo.

Kwa bahati mbaya mswada ulianguka. Tutaujaribu tena.

Kula uji, Shangazi.

Binti yako,
Fiona

*

Doha, 24 Oktoba 2025

Fiona mwanangu,

Salamu kwa mama yako. Emily ndiye anayeandika, mimi nasema tu, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Hotuba nimeisikiliza mara mbili. Ni nzuri kuliko yangu.

Kaunti yetu ilisemaje?

Shangazi

*

Nairobi, 14 Novemba 2025

Shangazi,

Nimeianza barua hii mara nyingi. "Hujambo" nashindwa kuiandika, maana najua hali yako.

Ilisema "La."

Nilikuwa nimeamua. Barua yako ilikuwa mkobani. Kisha karani akataja kaunti iliyo kabla yetu, nikawahesabu waliokwisha kusema "La," nikaona mswada umekwisha kufa. Nikajiuliza, kwa nini nife nao? Nibaki, nipiganie mwingine. Ulijiambia hivyo pia? Niambie ndiyo, nipate kulala.

Wamenirudisha kwenye kamati ya afya. Ni heshima kubwa.

Nisamehe.

Fiona

*

Doha, 21 Novemba 2025

Mwanangu,

Nimemwomba Emily atoke chumbani ili niandike kwa mkono wangu. Mwandiko utauvumilia.

Ndiyo, nilijiambia hivyo pia. Lala.

Brandon wamemzika huku, kwenye makaburi ya Wakristo nje ya mji. Mama yake alikubali kwa simu. Alimwambia Reuben, "Basi mtoto apumzike, mmechoka." Alikuwa anawaonea huruma wao.

Mimi nitarudishwa. Emily amekwisha kuahidiwa, kwa kuwa nilikuwa mheshimiwa. Nilitaka kukataa. Sikukataa.

Leo walikuja baada ya ibada, wamejaa sebuleni hadi mlangoni. Reuben alifungulia hotuba yako kwenye simu. Stacy, yaya wa Al Sadd, alisema, "Huyu dada ni moto! Kumbe kuna mtu anatuona." Mwingine akamtania Reuben kwamba utamkataa akikuposa, naye akajibu kwamba yuko tayari kusubiri hadi uchaguzi ujao. Wakacheka, Fiona. Wiki hii hii waliyomzika mwenzao.

Kisha Reuben akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na kaunti yetu, Mathe? Si angalau ilisema 'Ndiyo'?"

Kumbukumbu za Seneti ziko wazi kwa yeyote. Reuben anaweza kuzifungua kwenye simu ile ile aliyoishika. Hatazifungua. Hilo ndilo tulilolitegemea siku zote, mimi na wewe.

Pumzi nilikuwa nayo ya kutosha kusema ukweli. Wote walikuwa wananitazama.

"Ndiyo," nilisema. Wakapiga makofi.

Shangazi yako,
Pamela